Namba Yangu, Kidole cha Edivina

Mwezi uliopita Edivina alinipigia simu kutoka Muleba akaniambia nipumzishe mikono. "Zuhura, usishike chumvi mpaka nije," alisema. "Nakuja kukurudishia namba yako." Akacheka kile kicheko chake cha mtu aliyeshiba, akaulizia wanangu, akakata. Nilibaki na simu sikioni katikati ya kibanda changu cha samaki hapa sokoni Bukoba, mteja ananisubiri nimkatie kipande, na badala ya furaha nikasikia wivu unanipanda kooni kama kiungulia. Mtu hawezi kukurudishia kitu kwa raha namna ile mpaka awe na vingi kuliko hicho. Ndicho nilichokisikia katika sauti yake. Lakini mikono niliipumzisha. Nilimwita binti wa jirani awe ananipakia chumvi, mimi nikakaa pembeni na chupa ya mafuta ya nazi, najipaka kidole kimoja baada ya kingine, na kila nilipojipaka nilirudi kwenye ule mwaka.

Ulikuwa mwaka ambao laini zote za simu zilitakiwa kusajiliwa upya kwa alama za vidole. Wengine wanaukumbuka kwa foleni zake. Mimi naukumbuka kama mwaka wa mwisho wa ujana wangu, kwa sababu niliuanza nikiwa na rafiki mmoja na biashara moja, silali nikimfikiria mtu, na nilipoumaliza nilikuwa nimekwisha kuwa huyu mwanamke anayepita mbele ya nyumba ya mwenzake akitazama aina ya mabati. Tulipanga chumba kimoja Buhembe, mimi na Edivina, nyuma ya nyumba ya mama mjane aliyeitwa Ma Koku, katikati ya migomba. Kitanda kimoja cha chuma, pazia la kitenge mlangoni, na ukutani misumari miwili: mmoja wake wa rozari, mwingine wangu wa mswala. Chumba kilinuka samaki hata tulipokuwa hatuna samaki. Edivina alikuwa mtu wa Rubafu na alijua kupika ndizi kama walivyozipika kwao, amezifunika kwa majani ya mgomba mpaka zinalainika zenyewe, maharage humohumo. Mimi ni wa mjini, ndizi zangu hutoka ngumu hadi leo. Ijumaa alipika mapema ili nirudi msikitini nikute chakula cha moto, na Ma Koku alikuwa akipita dirishani anatusema kwa Kihaya kwamba wanawake wawili wazima tunalelewa na sufuria. Tulicheka. Siku hizo hata wivu wangu ulikuwa bado usingizini.

Biashara yetu ilikuwa sangara wa chumvi, wale tunaowaita kayabo. Mimi nilikuwa mtu wa kisiwani na yeye mtu wa sokoni. Nilishuka Muleba mpaka mwaloni, ufukweni kunakotia mitumbwi, nikapanda mtumbwi wa injini kwenda kisiwa cha Bumbire, nikakaa kambini na wavuvi, wengi wao watu wa kuja, kutoka Ukerewe na Mara, wanaokula ugali kila siku na kutucheka sisi kwa ndizi zetu. Nilinunua sangara, nikampasua mgongo, nikampaka chumvi kwa viganja vyangu mpaka iingie kwenye kila mkunjo wa nyama, nikamwanika, nikamgeuza, nikakimbizana na mvua. Edivina alipokea mzigo Bukoba na kuuza. Simu yenye laini ya biashara alikaa nayo yeye, kwa kuwa kisiwani mtandao ulikuwa wa kubahatisha, lakini laini ilikuwa yangu. Niliinunua mimi na kuisajili mimi kwa ule utaratibu wa zamani, na wateja walikuwa wameikariri kuanzia sokoni mpaka Rubafu. Ukimwambia mtu "tuma kwa namba ya Zuhura wa kayabo," hakuuliza ni ipi.

Siku ya kusajili tulikwenda pamoja. Nje ya soko, chini ya mwavuli, alikaa dada mmoja mwenye mashine ndogo ya kusoma vidole. Kitambulisho changu cha taifa nilikuwa nacho. Nikaweka dole gumba, mashine ikakataa. Nikaweka cha shahada, ikakataa. Dada yule alinifuta kwa kitambaa, akanipulizia, akanikamua vidole kama anayekamua chuchu za ng'ombe, vyote kumi, na mashine ikavikataa vyote. Chumvi ilikuwa imevilamba vikawa laini kama kioo. "Dada, wewe huna vidole," alisema, na foleni nzima ikaangua kicheko. "Vipo kumi, hesabu!" nilimjibu kwa hasira. Laini ambazo hazijasajiliwa zilikuwa karibu kufungwa, na ile ikifungwa, wateja wetu wote wamepotea. Ndipo Edivina akanipita ubavuni, akaweka kidole chake. "Andika jina langu," alisema. "Kidole ni kidole." Mashine ikalia kwa furaha, nasema kwa furaha kwa sababu hivyo ndivyo nilivyosikia. Tulikwenda kunywa chai na maandazi tukijipongeza kwa ujanja wetu. Aliniazima kidole kama anavyoniazima kanga, na mimi nikapokea vilevile, bila kufikiria.

Kilichofuata hatukukijua hata mmoja wetu. Ukimtumia mtu fedha kwa simu, kabla hujathibitisha, jina la mpokeaji linajitokeza. Ndiyo njia ya kuhakikisha hukukosea. Basi tangu siku ile, kila mteja aliyetuma kwa namba yangu aliletewa jina la EDIVINA kwa herufi kubwa. Ta Rwiza, mzee mwenye duka Rubafu, mteja wetu wa zamani kuliko wote, alipiga simu siku niliyokuwa mjini. "Waitu, Zuhura, mbona anatokea Edivina? Umeajiriwa?" Nilicheka, nikamwelezea habari ya vidole. Akasema, "Aah, kumbe," kwa ile sauti ya mtu ambaye hajaamini. Mara ya pili hakuuliza. Mara ya tatu alipopiga alisema, "Nipe Edivina, nataka kuagiza." Watu hawakukusudia ubaya. Walisoma tu kilichoandikwa kwenye kioo cha simu, na kwa mtu wa dukani, mwenye jina ndiye mwenye mali. Siku moja nilikuwa nimeinama nyuma ya magunia nikipanga mzigo, nikawasikia wanawake wawili wanaouza dagaa meza ya pili. "Yule mweusi wa chumvi ni nani?" "Kibarua wa Edivina. Anamletea mzigo kutoka visiwani." Niliendelea kuinama mpaka kiuno kikaniuma. Nikainuka, nikamtazama Edivina akimfungia mteja samaki kwenye gazeti, safi, mikono mikavu, na kwa mara ya kwanza nikamwonea wivu. Ulinikaa mwilini siku hiyohiyo kama nguo iliyokatwa kwa kipimo changu.

Halafu ikaja benki. Kabla ya hapo benki kwetu ilikuwa jengo la kupita mbele yake. Tuliwahi kuingia mara moja kuomba mkopo, wakatuomba hati ya kibanja, yaani shamba la migomba, na vibanja kwetu ni vya kaka zetu, kwa hiyo tulitoka. Sasa alikuja sokoni kijana mmoja wa benki, jina lake Renatus, amebeba kishikwambi kifuani kama mtoto mchanga, akipita meza kwa meza. Alitueleza kwamba benki yake imeungana na kampuni ya simu. Haitazami kibanja tena. Inatazama laini yako: fedha zinaingiaje, zinatokaje, zinakaa muda gani. Ukionekana mtu wa kueleweka unakopeshwa humohumo kwenye simu, ukirudisha vizuri unapandishwa, na ukipanda vya kutosha unaitwa tawini kupewa mkopo wa biashara hasa. Edivina alibonyeza alivyoelekezwa. Ujumbe ukaingia, nikausoma juu ya bega lake: "Ndugu EDIVINA, umekidhi vigezo." Alipiga kelele mpaka watu wa nyanya wakageuka. Alinikumbatia. Nikabonyeza na mimi, kwenye simu yangu ndogo ya kusalimia watu, ambayo laini yake nilikuwa nimeisajili kwa kidole cha dada yangu. Ikanijibu, "Samahani, kwa sasa huna sifa za kupata mkopo." Sangara wote waliompatia Edivina sifa zile walipita kwenye viganja vyangu kwanza. Benki ilikuwa imeona jasho langu lote, ikalisoma vizuri kabisa, ikalipa heshima, kisha ikalipa jina la mtu mwingine.

Mkopo ule tulinunulia mzigo pamoja, na faida tuligawana sawasawa, hilo sitalipindisha. Edivina hakuniibia hata senti. Laiti angeniibia! Mtu akikuibia una pa kusimama, unamshitaki, unapiga kelele. Yeye alinigawia, na kila aliponigawia alikuwa ndiye mwenye kugawa. Tukarudisha mkopo, ukaja mwingine mkubwa zaidi, tukarudisha, ukaja mwingine. Nikiwa kisiwani mke wa mvuvi mmoja alinipongeza: "Bosi wako kapandishwa benki!" Nilikuwa na chumvi mpaka kwenye viwiko na jeraha la pezi kwenye kiganja, na chumvi ikiingia kwenye jeraha unaona nyota mchana. Nilimpaka sangara niliyekuwa naye mkononi chumvi nyingi kupita kiasi mpaka mvuvi akaniuliza kama nina ugomvi na samaki.

Niliporudi mjini nilimfuata Renatus. "Benki iniandike mimi," nilimwambia. "Namba ni yangu." Alikuwa kijana mwenye adabu, akanivutia kigoda. "Dada Zuhura, benki haikujui wewe. Inaijua namba, na namba ina jina la mwenzako. Mashine haiwezi kujua nani alinunua laini." "Basi wewe waambie." "Mimi nakuamini, lakini mimi siyo mashine." Akanieleza njia iliyopo. Laini yenye mkopo haibadilishwi jina. Mkopo ulioko ukiisha, kabla ya kuchukua mwingine, twende wawili ofisi ya kampuni ya simu. Edivina aweke kidole cha kuiachia, mimi niweke cha kuipokea. Historia ya namba itakuja na namba. "Ila uwe na vidole," alisema, akitazama mikono yangu, na nikaificha ndani ya kanga.

Edivina nilipomwambia hakubisha hata kidogo. "Ni yako, kwani kuna kesi?" alisema huku anamenya ndizi. "Kaa wewe sokoni mikono ipone. Nitakwenda mimi Bumbire." Hivyo tukabadilishana. Nilikaa sokoni nimevaa glavu za mpira, jioni najipaka mafuta ya nazi, namtazama Ma Koku akinicheka kwamba nimekuwa bibi harusi. Nilidhani kukaa kwenye kiti cha Edivina kungeniponya na wivu. Wateja walikuja wakauliza, "Edivina yuko wapi?" wakasema, "Nitarudi akija." Na kutoka kisiwani zilikuja habari kwamba wavuvi wanamchagulia sangara wanene, kwamba kawafundisha wake zao kupika ndizi kwa majani, kwamba Jumapili wanaimba naye. Mimi nilikaa kule miaka na hakuna aliyewahi kuniimbia. Kila wiki alirudi akiwa amekolea jua, anacheka, ananuka chumvi, na nikauonea wivu hata ule uchovu, kwa kuwa ulikuwa wangu. Kila kitu nilichompisha alikishika vizuri kuliko mimi.

Mkopo ukaisha. Wiki hiyohiyo Renatus akaleta habari kwamba benki imeikubali namba yetu kwa mkopo wa tawini, wa kutosha jokofu kubwa na chumba cha biashara Muleba. Nikasema kwanza namba. Edivina akasema kwanza namba. Asubuhi tukavaa nguo zetu nzuri, tukaenda ofisi ya simu. Mimi nilitakiwa kuwa wa pili, lakini sikuweza kusubiri, nikaomba wanijaribu kwanza. Niliweka dole gumba. Mashine ikalia. Nilikuwa na vidole! Nilimgeukia Edivina karibu nimkumbatie, nikamwona anaufuta mkono wake kwenye sketi. Akaweka kidole. Ikakataa. Akaweka kingine. Mhudumu alimfuta, akampulizia, akamkamua vidole vyote kumi, na mimi niliyekuwa nimesimama pale nilijua kabla ya wote. Chumvi ya Bumbire ilikuwa imemmaliza. "Mama, mwenye laini ni nani hasa?" mhudumu aliuliza. "Ni mimi," alisema Edivina, "lakini ni yake." Mhudumu akasema kwa utaratibu wake hayo mambo mawili hayawezekani, turudi vidole vikipona.

Tulikula ndizi jioni ile. Renatus alikuwa amesema nafasi ya tawini haitasubiri. Ikichukuliwa, namba itafungika kwenye mkopo wa miaka. Isipochukuliwa, tungoje vidole, na haijulikani benki itatuita tena lini. Edivina alisukuma sahani. "Sema wewe, Zuhura. Ukisema tungoje, tunangoja." Nimewahi kumsikia mtu akisema wivu ni tamaa ya kitu cha mwenzako. Wangu haukuwa hivyo. Mimi sikuweza kuvumilia kwamba hata hapo, hata kuamua, alikuwa ananipa yeye. Nikimwambia tungoje, nitakuwa nimepewa subira yake, na nitaila maisha yangu yote pamoja na ndizi zake. "Chukua," nilimwambia. "Mimi na wewe tutaishi Muleba, chumba kipo," alisema. "Chukua na chumba," nilisema, nikainuka kuosha sahani. Alilia. Mimi sikulia. Mwisho wa mwezi alihamia Muleba na nusu ya mzigo, akaacha msumari wa rozari ukutani. Nikanunua laini mpya kwa kidole changu mwenyewe, yenye jina langu lote. Nikabonyeza kuomba mkopo. "Samahani, kwa sasa huna sifa."

Sifa zilikuja baadaye, polepole, mkopo mdogo kwa mkopo mdogo, na kibanda hiki nilimoketi ni cha kwao hao benki na changu. Silalamiki. Ila sikumsamehe jokofu lake, wala la pili, wala gari la kubebea samaki, wala vile vigae alivyoweka hadi kwenye baraza. Tulikutana misibani na harusini, tukashikana mikono, akanifungia ndizi za kuchukua nyumbani, na nilizila zote huku zimenikaa rohoni.

Jumatano akaja, ule mkopo wa miaka ulioifunga namba umekwisha. Amenenepa, kucha zimepakwa rangi, vidole laini vya mtu anayetuma wengine. Pale ofisini aliweka dole gumba na mashine ikamkubali mara moja. Nikaweka langu, ikanikubali. Mhudumu, msichana ambaye mwaka ule alikuwa labda shule ya msingi, aliniambia, "Tayari, mama," kana kwamba ni jambo dogo. Tulirudi kibandani, ile laini imo kwenye simu yangu. Nikaagiza chai, Edivina akakaa kwenye gunia, akaanza kunieleza kwa nini namba ile haihitaji tena, ana akaunti ya kampuni sasa. Nilikuwa nimejua atasema hivyo, na bado iliuma palepale nilipopaandaa. Simu ikaita. Ilikuwa ile namba, mkononi mwangu, na aliyepiga ni Ta Rwiza wa Rubafu, amezeeka sauti imekuwa nyembamba.

"Nataka kutuma malipo ya mzigo wa Edivina," alisema. "Lakini limetokea jina jingine. Hapa kuna Zuhura sijui nani. Mimi situmi kwa mtu nisiyemjua."

"Ta Rwiza, kamilembe," nilimsalimia kwa Kihaya. "Ni mimi, Zuhura wa kayabo."

"Zuhura yupi? Nipe Edivina."

Alikuwa amenisahau. Mzee niliyemtengea mzigo wa kwanza wa biashara yangu, aliyekuwa akiikariri namba ile kwa jina langu. Edivina alinyoosha mkono, nami nikampa simu, kwa mara nyingine tena nikampa.

"Tata waitu, tuma," alimwambia. "Huyo ndiye mwenye namba. Mimi niliazimwa tu."

Maneno hayo nilikuwa nimeyasubiri tangu siku ya mwavuli. Na aliyasema vizuri, bila kujikaza, kama anayemwambia mtu njia ya kwenda dukani, kiasi kwamba hata hayo nikamwonea wivu. Akanirudishia simu. Ta Rwiza alikuwa bado yupo upande wa pili, anapumua, anabonyeza.

"Haya," alisema. "Nasoma hapa. Zuhura nani?"

Nikamtajia jina langu lote. Akaniomba nirudie, nikarudia.